Sufuria Iteremke Mapema

Watu wa rika letu, wa arobaini na kitu hadi hamsini na kitu, wengi wana hamu ya mambo matatu ambayo kila moja peke yake ni dogo: kusoma kitabu na kukimaliza, kula chakula kilichopikwa nyumbani, na kukimbia kidogo ili mwili usizeeke kabla ya wakati wake. Ukikaa nao kwenye kikao cha harusi au baada ya ibada, yote matatu yatatajwa, kisha itafuata kauli ileile: muda uko wapi?

Muda upo. Nimewaangalia ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu kwa miaka, na ninaamini kwamba kwa wengi wetu tunaoishi mjini muda huo unapotelea mahali pamoja, kwenye chakula cha usiku kinachochelewa. Mfikirie mtu wa Dar es Salaam anayefanya kazi Posta au Kariakoo na kuishi Mbezi, Chanika au Mbagala. Anatoka kazini saa kumi na moja jioni, foleni inamla, anafika kwake saa mbili kasorobo. Hapo ndipo moto unawashwa. Nyama inachemshwa, mchele unachambuliwa, nyanya zinakatwa, na familia inakaa kula saa nne kasoro. Baada ya hapo tumbo limejaa, simu iko mkononi, usingizi unakuja saa sita. Alfajiri mwili unagoma, kwa hiyo mbio hakuna. Kitabu kilichoko kando ya kitanda hakijaguswa tangu mwezi uliopita. Mtu huyo atajiita mvivu, atajiona hana nidhamu, ilhali kilichoharibika ni kimoja tu, saa ya kula.

Ndiyo maana nasema tuanzie jikoni. Raba zinaweza kusubiri, na orodha ya vitabu vya mwaka pia. Lengo la kwanza liwe chakula cha usiku kuwa mezani ndani ya dakika 40 tangu ufike nyumbani. Ukiliweza hilo siku nne za wiki, umejirudishia zaidi ya saa moja kila usiku, na hiyo inatosha kwa kurasa kadhaa za kitabu na kwa kulala mapema. Anayelala saa nne ndiye anayeamka saa kumi na moja bila kugombana na nafsi yake.

Siri yake ni chungu cha Jumamosi. Chukua kilo 1 ya maharage, yachambue, yaoshe, yaloweke usiku wa Ijumaa kwenye maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine, na uyaache yachemke kwa moto mkali dakika 10 au zaidi kabla hujapunguza moto. Usiruke hatua hii, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayovuruga tumbo, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Yaliyolowekwa huiva kwa saa moja hadi saa moja na nusu kwenye jiko la mkaa au gesi. Yasiyolowekwa yanaweza kwenda saa mbili na nusu na kukumalizia mtungi. Wasomaji wa Mbeya, Njombe au Lushoto waongeze muda, kwa kuwa kwenye miinuko maji huchemka yakiwa na joto dogo kuliko huku pwani, na maharage hukawia kulainika hata ukichochea moto namna gani. Chumvi, nyanya na ndimu zisubiri mpaka maharage yawe laini, kwani asidi ya nyanya na ndimu huyafanya yakaze ganda.

Yakiiva, yaache yapoe kidogo, yagawe kwenye vibakuli vinne au vitano vyenye mfuniko, kila kimoja kiasi cha mlo mmoja wa familia. Viwili viingie kwenye friji, vilivyobaki kwenye friza. Siku ya Jumatatu unaporudi umechoka, kazi iliyobaki ni ya kukaanga kitunguu mpaka kibadilike rangi, kutia kitunguu saumu, nyanya na karoti, kumimina kibakuli chako na tui jepesi, na kuyaacha yatokote huku mwingine akisonga ugali. Tui zito liingie mwisho, moto ukiwa mdogo, ukikoroga taratibu upande mmoja hadi lianze kupanda, kisha uipue. Likichemka kwa fujo hukatika, mafuta yakaelea juu na mchuzi ukabaki na chengachenga. Hapo hujafikisha nusu saa, na harufu imeshafika kwa jirani.

Mpango huohuo unafaa kwa choroko, kunde na mbaazi. Kisamvu nacho kipikwe mwisho wa wiki, kwa kuwa kinataka kutwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa, na aliye na haraka asikiguse. Mchicha na matembele ni mboga za siku ya kazi: dakika 5 hadi 7 zimetosha, na rangi yake ya kijani ikipotea ujue umezidisha. Dagaa wakavu wasidharauliwe na watu wa umri wetu. Wakatwe vichwa, waoshwe kwa maji ya moto kidogo, wakaangwe wakauke kabla ya kuwekewa nyanya na bilinganya. Tunawala na mifupa yao, na mifupa hiyo ina chokaa ambayo mifupa yetu inaihitaji, hasa kwa akina mama wanaokaribia au waliokwisha kukoma hedhi.

Kwenye chumvi nitakuwa mkali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo chumvi ya mkate, ya kachori uliyokula saa nne asubuhi, na ya vile vidonge vya mchuzi ambavyo siku hizi vinatiwa katika kila sufuria. Presha inaanza kimyakimya katika umri huu. Chakula cha nyumbani kina faida hii kubwa: unajua kilichomo. Lakini kama anayepika ni dada wa kazi na wewe hujui anamimina mafuta kiasi gani, basi ni chakula cha nyumbani kwa jina tu. Ingia jikoni naye. Mwoneshe kijiko cha kupimia, kaeni mpike pamoja, na mshukuru mbele ya watoto. Pungufu la chumvi lizibwe na ndimu, tangawizi, pilipili na kachumbari mbichi, na baada ya wiki mbili tatu ulimi utazoea.

Sasa kitabu. Hiyo saa moja na nusu ambayo maharage yako motoni siku ya Jumamosi, huenda ndiyo nafasi ndefu kuliko zote ya kusoma utakayoipata ndani ya wiki. Huwezi kwenda mbali, sufuria inataka mtu wa kuongeza maji, na hakuna atakayekutuma popote kwa kuwa unaonekana uko kazini. Weka kiti karibu na mlango wa jikoni palipo na mwanga na hewa, tegesha saa ilie kila dakika 20 ili ukaangalie maji, kisha fungua kitabu. Siku ya kukaanga samaki usijaribu. Mafuta ya moto yanataka macho yako yote.

Na nikitaja macho, lipo jambo linalonisikitisha kila ninapokutana nalo. Watu wengi waliokuwa wasomaji wazuri shuleni na chuoni wanasema wamepoteza hamu ya vitabu. Wanasema wakisoma kurasa mbili kichwa kinauma, usingizi unawajia, maneno yanaingiliana. Mara nyingi hamu haijaenda popote. Kuanzia miaka ya arobaini, lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake na hushindwa kujikunja ili kuona vitu vya karibu. Huo ni mwendo wa kawaida wa umri, unamfikia karibu kila mtu, awe aliwahi kuvaa miwani au la. Dalili yake utaijua: unasogeza simu mbali na uso, unaomba kijana akusomee maandishi ya dawa, unaona vitabu vya siku hizi vimechapwa kwa herufi ndogo. Nenda ukapimwe. Miwani ya kusomea inauzwa hadi barabarani, lakini kipimo hospitalini au kwa mtaalamu wa macho kina faida ya ziada, kwamba wanaweza kukupima na presha ya jicho, ugonjwa ambao huiba uoni bila maumivu. Ukishapata miwani, nunua na taa yenye mwanga wa kutosha, uiweke nyuma ya bega lako ili imulike ukurasa bila kukupiga usoni.

Kitabu cha kuanzia kiwe chembamba na kikuguse. Mtu aliyekaa miaka kumi bila kusoma asijitupe kwenye Nagona na Mzingile za Kezilahabi. Ni vitabu vifupi kwa kurasa, ila vinataka msomaji aliyekwisha kuchangamka. Arudi kwanza kwenye Kuli ya Adam Shafi, simulizi ya makuli wa bandarini Unguja na mgomo wao wa 1948, au Rosa Mistika ambayo wengi wetu tuliisikia kabla ya kuiona. Waliofika hamsini nawashauri kwa moyo wangu wote watafute Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ya Shaaban Robert. Ni mtu wa umri wetu anayetazama nyuma na mbele kwa utulivu, na alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53 tu. Wanaopenda riwaya ndefu wanayo Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Asiyetaka kununua aende Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi, aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967, au maktaba ya mkoa wake.

Siku za kazi, kusoma kuwe baada ya vyombo kuoshwa na kabla ya kitanda. Simu ichajiwe sebuleni au jikoni, mahali ambapo wewe hulali. Kurasa kumi zimetosha. Kitabu cha kurasa 200 kwa mwendo huo kinakwisha ndani ya mwezi hata ukikosa siku tatu nne, na mtu anayemaliza kitabu kimoja kila mwezi ni msomaji kamili, asikubali kuambiwa vingine.

Mbio nimeziacha mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu zinategemea yaliyotangulia. Aliyekula saa mbili na nusu na kulala saa nne ana miguu tofauti na aliyekula saa nne.

Kabla ya yote, kapime presha na sukari. Kama hujawahi kukimbia tangu shule, kama una uzito mkubwa, kama baba au mama alipatwa na maradhi ya moyo mapema, zungumza na daktari kwanza. Na ukiwa njiani ukasikia kifua kinabana, kizunguzungu au pumzi inakata kwa namna isiyo ya kawaida, simama, tafuta msaada, usijikaze.

Kosa kubwa la wanaoanza ukubwani ni kasi. Sisi tumekua tukisimuliwa habari za mkimbiaji Filbert Bayi, alivyoongoza tangu mlio wa bastola kule Christchurch Februari 1974 na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Picha hiyo imetukaa kichwani, kwamba kukimbia ni kutoka mbele na kubaki mbele. Bayi alikuwa kijana wa miaka 20 aliyejengwa kwa mazoezi makali. Wewe kipimo chako kiwe mdomo: ukishindwa kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatisha ili uvute pumzi, punguza. Wiki nne za mwanzo tembea dakika 4, kimbia taratibu dakika 1, rudia mara 6, na imekuwa nusu saa. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati kila mara. Baadaye dakika za kukimbia ziongezeke na za kutembea zipungue, pole pole, hata kama pumzi inakwambia unaweza zaidi. Pumzi huzoea haraka kuliko kano na mifupa, na hapo ndipo watu wa miaka 45 wanapoumia kisigino na goti, kisha wakaacha kabisa.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Hayo ya nguvu wakimbiaji wetu huyasahau, na misuli hupungua yenyewe tangu miaka ya thelathini usipoitumia. Huhitaji gimu. Wakati maji ya ugali yanasubiri kuchemka, simama kwenye ngazi ya mlango, nyanyuka kwa vidole vya miguu na ushuke taratibu mara 15. Kaa kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu, mara 10. Sukuma ukuta kwa mikono miwili, mara 10. Maji yatakuwa yamechemka.

Kuhusu raba, wengi tunanunua mitumba, pale soko la Karume au kwenye gulio la karibu, na hakuna ubaya ukijua kukagua. Usidanganywe na rangi. Igeuze, tazama kisigino: kikiwa kimelika upande mmoja, iache, mwenye nayo wa kwanza amekwisha kuipinda kwa mwendo wake. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba pembeni. Inatakiwa irudi kama sponji, na ukiona mikunjo mingi imejipanga kama ngozi ya mzee, imekwisha kazi hata kama juu inang'aa. Ikunje: inatakiwa ipinde penye vidole, na ikipinda katikati ya wayo haifai. Vaa na soksi utakazokimbilia, na mbele pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Joto la pwani linataka heshima. Kuanzia Desemba hadi Machi unyevu wa hewa ni mwingi, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Miezi hiyo punguza umbali, kimbia jua halijatoka, kunywa maji glasi moja kabla. Ndizi mbivu nusu inatosha kwa tumbo tupu. Chagua njia yenye taa na watu. Kimbia ukielekeana na magari, vaa rangi inayoonekana, na uzihofu bodaboda zisizowasha taa. Kwa wanawake nashauri waziwazi kwamba wasikimbie peke yao gizani. Klabu za jogingi ziko nyingi Dar es Salaam, Jumamosi na Jumapili utawasikia alfajiri wakipita na nyimbo zao. Jiunge nao, hata kama unabaki nyuma. Aliyezoea anaweza baadaye kujiandikisha kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, mbio zinazofanyika tangu 2003, na akawa na tarehe ya kungojea.

Haya yote hayatasimama katika nyumba ambayo mtu mmoja ndiye anayepika, kuosha, kufua na kuwaandaa watoto. Mama wa namna hiyo ukimwambia apange muda wake vizuri unamwonea. Akina baba wenzangu, chungu cha Jumamosi kinaweza kuwa chetu. Kuchambua maharage hakuna aibu, na mtoto wa kiume anayekuona ukikoroga tui atakuwa mume mwema wa mtu. Kijana wa miaka 14 anaweza kusonga ugali na kuchemsha mboga. Gawaneni siku, iandikeni kwenye karatasi ubavuni mwa friji, na aliye zamu asisimamiwe begani. Ugali ukiwa na mabuje wiki ya kwanza, uleni.

Zipo wiki zitakazovunjika. Msiba unaingia, mtoto ana mitihani, ofisini wanafunga hesabu. Katika wiki hizo punguzeni mbio hadi matembezi ya dakika 20 na kusoma hadi kurasa tatu, ila chungu cha Jumamosi kisiachwe, kwa kuwa kikiachwa wiki inayofuata nayo itavunjika. Mwezi wa Ramadhani wafungao wanaweza kutembea au kukimbia kwa upole nusu saa kabla ya futari, ili maji yawe karibu wamalizapo, na mbio ndefu ziahirishwe hadi baada ya Idi.

Wanaofanya kazi za zamu, wauguzi, walinzi, madereva wa usiku, wao mlo wa kuwahisha ni ule unaotangulia usingizi, iwe saa mbili asubuhi au saa nane mchana. Kibakuli cha kwenye friji kinawafaa kuliko mtu yeyote. Mbio zao ziwe baada ya kuamka, kamwe zisiwe mara tu watokapo zamu, maana mtu mwenye usingizi hasikii gari.